Fahali na Herufi S

Mimi ni mtu wa kusema najua. Marehemu mama yangu, kule Ukambani, alikuwa akisema nilizaliwa na jibu mdomoni, swali likaachwa litafutwe baadaye. Tabia hiyo imenilisha. Natengeneza kompyuta hapa Kitengela, na mteja akikuona unasitasita anabeba mashine yake anavuka barabara kwenda duka la pili. Kwa hiyo sisiti. Nikiletewa kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe, natikisa kichwa polepole na kusema, hii naijua. Mteja akishapiga kona ndio naanza kutafuta ni nini.

Jumatatu moja, juzi tu hapa, karani wa chama cha wafugaji wa Kajiado alisimamisha pikapu mbele ya duka langu. Nyuma alikuwa ameketi mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima, miguu ameinyoosha, na mapajani amepakata kitu kirefu kilichofungwa shuka nyekundu. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe ilikuwa seva, ile kompyuta kubwa ya ofisi isiyozimwa, ambamo ng'ombe wote wa wanachama wameandikwa. Mama alikataa karani aitupe nyuma ya gari na matairi ya akiba, akaibeba mwenyewe kutoka Kajiado hadi kwangu. Akanisalimia, "Takwenya." Nikaitika, "Iko," nikamwita yeyo, kama tunavyowaita akina mama wa upande ule, na nikaendelea kumwita hivyo mpaka tulipoachana.

Karani alieleza haraka haraka maana alikuwa ameacha ofisi wazi. Stima ilipotea Jumamosi, ikarudi na hasira, seva ikatoa harufu ya kitu kuungua na tangu hapo haijasema neno. Alitaka kujua kama naweza. Nikasema hii naijua. Akawasha gari akaenda zake. Yeyo hakuenda naye. Alivuta kile kiti changu cha plastiki cha wateja, akakiweka pembeni ya meza yangu ya kazi, akaketi.

Nilimwambia kwa adabu kwamba kazi hii ni ya siku kadhaa. Akasema binti yake amepanga nyumba hapa hapa Kitengela, atakuwa akilala huko na kuja kila asubuhi. Nikamwambia kwa adabu zaidi kwamba sisi mafundi hatupendi kuangaliwa tukifanya kazi. Akasema hata ng'ombe hapendi kuangaliwa akizaa, lakini anaangaliwa.

Basi akanieleza shida yake, na nikaelewa kwa nini seva ilisafiri imefunikwa shuka. Alikuwa na fahali. Mama yake fahali huyo alikufa kwa ukame, ndama mwenyewe hajamaliza hata wiki tangu azaliwe, na yeyo akamlea kwa chupa, ndani ya nyumba, mpaka alipokuwa mkubwa akaanza kuvunja vitu. Sasa alikuwa fahali wa kusimamisha watu njiani. Shamba moja la mifugo upande wa Kimuka lilimtaka awe fahali wa mbegu, na lori lao lingefika ofisi ya chama Ijumaa asubuhi. Lakini hawachukui fahali bila cheti cha ukoo, karatasi inayosema baba ni nani, mama ni nani, na wazazi wa wazazi. Vitabu vya zamani vya chama vilikwisha kuliwa na mchwa. Ukoo wa yule fahali ulikuwa ndani ya lile sanduku peke yake.

Tena kulikuwa na la pili. Nyasi zilikuwa zimeisha, fahali anakula chakula cha ng'ombe watatu, na vijana wa yeyo walikuwa wamechoka. Walimpa mama yao mpaka Ijumaa. Asipopanda lori la Kimuka, anapanda gari la bucha. Akanitajia bucha yenyewe, iko hapa Kitengela, yenye jiko la kuchoma nyuma. Ni pale ninapokula kila Jumamosi.

"Na wewe, nyama yako unakula wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni mtu wa mboga. Mungu anisamehe.

Nilifungua sanduku. Ndani, kwenye bodi, ile sahani kubwa ya kijani inayobeba kila kitu kingine, kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha koti. Bodi ilikuwa imekufa. Diski zenye maandishi yote zilikuwa nzima, hazikuguswa, ila zilikuwa zimepangwa na bodi ya aina ile na zisingefunguka kwa bodi ya aina nyingine. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja: bodi nyingine, aina ile ile. Nikafuta vumbi pembeni, nikalikuta jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe: R9DA-4F. Nikaliangalia. Lilikuwa jina kama namba ya gari, na namba za gari, jamani, nani asiyezijua?

Hapa lazima nieleze, maana ndipo nilipoangukia. Kenya hii yetu, gari likipita, hatuangalii dereva kwanza, tunaangalia namba. KCA ilikuja kabla ya KCB, KCZ ikaisha ikaja KDA, na kila mtoto wa Kitengela anajua gari namba D ni jipya kuliko gari namba C. Herufi zinasonga mbele na miaka inasonga nazo. Jirani akinunua gari hatuulizi ni la mwaka gani. Tunasoma, tunajua, tunaanza kumsema. Na mimi nilikuwa nimesoma namba za gari maisha yangu yote, sikuwahi kukosea.

Muuzaji wangu wa Nairobi, anayeuza bodi mpya na zile kuukuu zilizotolewa kwenye ofisi kubwa, akanitumia orodha kwa simu. Nikashuka nayo kwa kidole. R9DA-4F hakuna. Lakini palikuwa na R9SA-4F-O. Nikaanza hesabu kichwani. R ile ile, tisa ile ile, A ile ile, nne na F zile zile. Palipokuwa na D sasa pana S. D, E, F, G, nikahesabu mpaka S. Haki ya Mungu nilifurahi. Hii ilikuwa bodi ile ile, ila toleo jipya, jipya sana, herufi kumi na tano mbele! Na ile O ya mwisho, nani hajui O ni ya orijino? Nikamgeukia yeyo nikamwambia fahali wake ana bahati, tumepata mpya kuliko ya kwanza, tena orijino. Yeyo aliitikia kwa kichwa.

Muuzaji aliniuliza kama nina hakika na hiyo S. Swali lile lilinichoma. Nikamkumbusha kwamba niko kwa kazi hii miaka kumi na miwili, na kama hataki kuuza aseme. Akasema sawa dada, mzigo utaondoka kesho.

Jumanne yote tulingoja. Nilitengeneza simu tatu na printa moja, na kila mara nilipoinua kichwa yeyo alikuwa akiniangalia mikono. Mteja mmoja alimdhani ni mama mkwe wangu aliyekuja kunikagua, akanihurumia kwa macho. Saa saba yeyo alinigawia chai ya maziwa kutoka kwa chupa yake, na mimi nikamgawia mandazi. Alinisimulia jinsi fahali, akiwa ndama, alivyokula ukurasa wa Biblia ya binti yake, na mchungaji aliposikia akasema basi huyo asichinjwe. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Niliona anahesabu siku.

Mzigo ulifika Jumatano asubuhi. Nikaukata kamba mbele yake kwa mbwembwe zote, maana hata fundi ana haki ya kujipigia makofi mwenyewe. Boksi lilikuwa zuri, lenye maandishi yanayong'aa. Nikaitoa bodi mpya nikailaza mezani kando ya ile iliyokufa.

Yeyo alisimama akainama juu ya meza. Aligusa bodi ya zamani, pale prosesa zinapokaa, zile akili zenyewe za mashine. Kidole kikaenda hapa, kikaenda pale. Kisha akaigusa ile mpya, mara moja.

"Hapa ni mbili," akasema. "Hii yako iko na moja."

Miaka kumi na miwili ya kazi. Nilikuwa nimefungua sanduku lile mara nne, nimezitoa prosesa mbili kwa mikono yangu, nimezipangusa, nimezifunga kwa karatasi laini, na haikunijia hata siku moja kuhesabu viti vya ile niliyoagiza. Kiti kimoja! Tena kidogo. Nilijaribu kuweka prosesa moja juu yake, ikakaa kama sufuria kubwa juu ya jiko la mafiga madogo. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule, huku jasho likinitoka mgongoni na jua la Kitengela halijapanda bado.

"Leo ni siku gani?" yeyo akauliza.

Nikamwambia Jumatano. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akaketi. Afadhali angenitukana.

Nilipompigia muuzaji nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilimwita tapeli, nikasema ameniletea bodi ya mtoto, nikasema mengine ambayo mtu wa kanisani hasemi, na yeyo akiwa hapo. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama kuna mtu yeyote aliyewahi kunifundisha jinsi majina haya yanavyopangwa. Nilifungua mdomo kusema najua. Nikamtazama yeyo. Nikasema hapana, sijui.

Basi akanifundisha, na nikaandika nyuma ya boksi. Akaanza kwa kuniambia kila mtengenezaji ana mtindo wake, kwa hiyo nisichukue huu nikaenda kuusomea bodi za wengine. Kwa hizi zetu, herufi ya kwanza, R, inasema bodi inabeba prosesa za familia gani. Namba inayofuata ni kizazi. Hiyo ndiyo peke yake inayosonga na miaka kama namba ya gari, tisa kabla ya kumi, na hapo mpya si bora, mpya ni tofauti, maana prosesa za kizazi cha tisa hazikai kwenye bodi ya kizazi cha kumi. Kisha inakuja ile herufi iliyoniua. D ni viti viwili. S ni kiti kimoja. Hakuna mkubwa wala mdogo kati yao, hakuna aliyetangulia. A ni ukubwa wa bodi, kama itaingia kwenye sanduku au la. Baada ya kistari ni mapambo. Nne ni matundu ya nyaya za mtandao. F maana yake mtu anaweza kuiwasha na kuizima akiwa mbali.

Nikamuuliza ile O, kwa sauti ndogo. Akasema O ni kwamba inakuja ndani ya boksi lake na skrubu zake. B ni kwamba inakuja bila boksi. Basi? Basi. Nilikuwa nimemsifia yeyo katoni.

Akaniambia kwa D ana mbili zimeingia jana: R9DA-4-B na R10DA-4F-O. Akaongeza kwamba hiyo ya kumi ni mpya kabisa na wateja wanaigombania. Na hapo, kwa mara ya kwanza wiki ile, nilisoma kabla ya kujibu. Ya kumi ni kizazi kingine, prosesa zangu hazitakaa. Nikaiacha. Ya tisa ilikuwa na R, ilikuwa na D, ilikuwa na A. Haina F. Nikafikiria ofisi ya chama Kajiado, ambapo karani huketi akiiegemezea seva miguu. Nani atakayeizima akiwa mbali, na anakwenda wapi? Haina boksi. Nikamwambia alete hiyo, hata akiifunga kwa gazeti, lakini iondoke leo hii.

Kisha nikamgeukia yeyo, maana lililobaki lilikuwa gumu kuliko bodi. Nikamwambia nilisoma vibaya. Si muuzaji, si orodha, ni mimi. Nilidhani najua na sikujua, na ikiwa Ijumaa itapita, basi fahali wake nimemchinja mimi. Machozi yalinijaa, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja.

Yeyo aliifungua chupa yake. "Hata vijana yangu husema wanajua," akasema. Akanimiminia chai.

Bodi ilikuja Alhamisi kabla ya saa sita, kweli imefungwa kwa gazeti. Nilihesabu viti kwanza. Yeyo akavihesabu tena, hakuniamini, na alikuwa na haki. Nikapachika prosesa mbili, zikaingia na kulala. Nikaunganisha diski kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa, kila moja na tundu lake, nikachomeka stima, nikabonyeza.

Seva si simu. Ikiwashwa inanguruma kwanza, inajikagua mwili mzima, na skrini inabaki nyeusi dakika baada ya dakika huku roho ikikuruka. Nililijua hilo, na bado nilishika meza kwa mikono miwili. Yeyo alisimama akaanza kuomba kwa Kimaa, kwa sauti, mkono mmoja juu ya sanduku, na kijana aliyeingia kununua chaja akatoka kinyumenyume. Skrini ikawaka. Likatokea jina la chama, na chini yake pale pa kuingiza neno la siri, ambalo analo karani peke yake. Yeyo akaniuliza kama huyo ndiye fahali. Nikamwambia ni mlango tu, lakini umefunguka. Tukashikana mikono pale dukani, tukacheka kama wasichana.

Ijumaa karani alitujia asubuhi na mapema. Yeyo akaipakata seva tena mpaka Kajiado, safari hii akinikatalia hata kuigusa. Uani mwa ofisi ya chama fahali alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Alikuwa mwekundu wa kukolea, nundu inaanguka upande mmoja, shingo nene kuliko kiuno changu mimi, na nina kiuno. Alipomwona yeyo aliinua kichwa, akamlamba mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Lori la Kimuka lilikuwa limeshafika, mtu wao amesimama na faili. Na nje ya lango, chini ya ukuta, lilikuwa gari la bucha. Dereva wake alikuwa akitafuna mahindi ya kuchoma bila haraka yoyote. Alinisalimia kwa jina, kwa vile ananijua vizuri. Yeyo alitutazama sote wawili. Nikaingia ofisini haraka.

Nilifunga nyaya, karani akaandika neno lake la siri, akamtafuta fahali kwa namba ya sikioni, na printa ikatema cheti. Karani akagonga muhuri. Ilikwisha kwa dakika chache tu. Dereva wa bucha aliambiwa, akatupa gunzi lake, akaondoka. Nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba.

Yeyo alikuwa ameshika cheti kwa mikono miwili, anakisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika chini akarudi juu akaanza tena.

"Jina lake liko wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa kwanza, herufi na namba zimepangana. Na mimi sasa nilikuwa bingwa wa mambo hayo, basi nikamweleza kwa raha zangu zote. Herufi hizi mbili ni boma alikozaliwa. Namba hizi ni mwaka. Hii ni namba yake kati ya ndama wa mwaka ule. Hii M ni dume. Kila kitu kiko, yeyo, hakuna kilichokosekana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini huko akifika, wakitaka kumwita, watamwita nani?"

Nikatoa kalamu, nikakiweka cheti juu ya meza ya karani, na yeyo akanitajia jina la fahali wake. Lilikuwa jina refu la Kimaa, lenye rangi yake na ukoo wa mama yake, na lilibidi alirudie mara tatu ndipo nikalipata sawasawa. Nililiandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, wino wa buluu.

Mtu wa Kimuka alipokipokea akakunja uso. Akasema cheti kilichoandikwa kwa mkono kimeharibika, hakipokelewi, aletewe kingine kisafi. Alikuwa mpole, ila hakuyumba. Karani akarudi ndani akachapa cha pili, muhuri ukagongwa, mtu wa Kimuka akakitia kwenye faili lake. Fahali akapandishwa lori. Aligoma mara moja tu, mpaka yeyo alipompiga kofi la matako kama mtoto anayechelewa shule, ndipo akapanda.

Lori lilipowasha injini yeyo hakupunga mkono. Alichukua kile cheti kilichoharibika, akakikunja mara mbili, akakitia kifuani ndani ya shuka, na akabaki amekibana hapo kwa kiganja mpaka vumbi la lori lilipotulia barabarani.